Shairi Mlangoni mwa Ngome

Ewe msomaji, siku utakapopata nafasi, shika Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa uifuate mpaka mwisho wake. Nyumba zenye roshani za mbao zitakusindikiza kulia na kushoto, kisha ghafula utaona ukuta mkubwa umesimama mbele yako. Hiyo ndiyo Ngome ya Yesu, ambayo wenyeji huiita Ngomeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliana Giovanni Battista Cairati, nao waliiweka juu ya mwamba wa matumbawe ili adui asipate kuichimbua kutoka chini. Mtu asimamaye kando ya kuta zile hudhani kwamba aliyemo ndani amekwisha kusalimika, na kwamba hapana neno la mtu wa nje liwezalo kumdhuru.

Tarikhi ya jengo lenyewe yamkanusha. Baina ya mwaka 1631 na 1875 Ngome ilitoka mikononi mwa watu ikaingia mikononi mwa wengine mara 9. Ukichunguza mara hizo utastaajabu, maana ni chache mno ambazo ukuta ulikuwa ndio ulioshindwa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na Wareno wenyewe, aliingia kama mgeni akamwua kapteni wao ndani. Waomani walipoitwaa mwezi wa Desemba 1698, walikuwa wameizingira kwa miezi 33, na njaa na maradhi yalikuwa yamekwisha kuwala walinzi kabla panga hazijawafikia. Mwaka 1837 iliingiwa kwa mapatano. Mwaka 1875 askari wa Ngome ndio waliomwasi mwenye Ngome. Basi twapaswa kuuliza: kama ukuta haukuanguka, kilichoanguka ni nini?

Jawabu lake sikulipata katika vitabu vya vita. Nililipata katika kitabu cha mashairi, nacho ni Diwani ya Muyaka bin Haji Al-Ghassaniy. Muyaka alikuwa mtu wa Mombasa, aliyezaliwa katika robo ya mwisho ya karne ya 18 akafariki yapata mwaka 1840. Alikuwa rafiki wa nyumba ya Mazrui iliyotawala mji katika siku zake, na sifa yake kubwa kwa wataalamu wa lugha ni kwamba alilitoa shairi katika vyumba vya wanavyuoni akalipeleka sokoni na barazani, likasema habari za madeni, mapenzi, bei, ugomvi na vita. Hakuacha kitabu. Mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alipoyakusanya na kumpa mmisionari Mwingereza W. E. Taylor, William Hichens akayapiga chapa Johannesburg mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akayatoa tena pamoja na maelezo marefu ambayo mwanafunzi hana budi kuyasoma.

Wengi humpenda Muyaka kwa mashairi yake ya mapenzi na ya hekima, nami siwalaumu. Lakini leo nataka uyatazame yale ya vita, na uyatazame kwa jicho la sarufi. Angalia vitenzi vyake vya kuamrisha. Mara kwa mara vina kiishio cha wingi. Mshairi hasemi na liwali aliyeketi Ngomeni. Asema na watu wa mji, awaamsha, awakumbusha heshima ya Mvita, awahimiza wachukue silaha. Mtu aliyezoea kusoma sifa za wafalme aweza kuyapita maneno hayo bila ya kuyajali, akidhani ni mbwembwe za ushairi. Mimi nadhani kwamba katika kiishio hicho kidogo imo katiba nzima ya Mombasa ya zamani.

Maana hapana mtu amhimizaye askari aliyekwisha kulipwa mshahara. Askari wa namna hiyo hupewa amri. Anayehimizwa ni yule awezaye kukataa.

Nyumba ya Mazrui ilikuja kutoka Omani, na wakubwa wake walikuwa maliwali wa Maimamu wa ukoo wa Yaarubi. Wao wenyewe walikuwa wachache. Mji ulikuwa wa Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na Tisa Taifa, waliokuwa na Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa na wenzao. Kila upande ulikuwa na wazee wake, na kila upande ulikuwa na marafiki zake miongoni mwa Wamijikenda wa bara, ambao walileta chakula na pia walileta mishale. Liwali wa Kimazrui aliyetaka kupigana alihitaji mapanga ya hawa na pinde za wale, na hakuwa na hazina ya kuzinunua. Ilimpasa kuwaridhisha. Kwa hiyo shairi la Muyaka halikuwa pambo la vita. Lilikuwa mbiu ya mgambo, na mbiu hulia kwa sababu watu bado wako majumbani mwao na yawezekana wasitoke.

Hapo twaona mambo mawili ambayo vitabu vya siasa huyatenga na Mombasa iliyaunganisha. La kwanza ni haki ya kutawala, yaani sababu inayomfanya mtu atii hata pasipokuwa na fimbo mgongoni mwake. La pili ni usalama wa dola, yaani nguvu ya kuwazuia maadui wa nje na wa ndani. Katika Mombasa ya Muyaka la pili lilitoka tumboni mwa la kwanza. Watu wakiridhika, Ngome ilikuwa na walinzi. Wakikasirika, ilibaki mawe.

Linganisha sasa na adui yao. Seyyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi, aliyetawala Omani na kisha Unguja mpaka alipofariki mwaka 1856, alikuwa na askari wa Kibaluchi waliotumika kwa ujira, na merikebu za vita. Fedha zake zilitoka forodhani, na kazi ya kukusanya ushuru wa Unguja alikuwa ameikodisha kwa nyumba ya biashara ya Mhindi Jairam Shivji. Mtawala wa namna hiyo hana haja kubwa na ridhaa ya watu wa mitaani. Forodha humpa fedha, fedha humpa askari, na askari humpa mji. Sisemi kwamba Seyyid Said alikuwa dhalimu na Mazrui walikuwa malaika; kwa akili, subira na ujuzi wa biashara aliwapita wote wa zama zake katika pwani hii. Nasema tu kwamba hakuhitaji Muyaka wake.

Hapa huenda ukaniambia: Basi Muyaka alikuwa sauti ya umma, na tumpe taji. Ngoja kwanza. Mhakiki aliyempenda mshairi wake ana deni la kusema pia pale mshairi alipokosea, na Muyaka alikosea mahali pawili.

Kwanza ni habari ya Lamu. Zama zile mji ulipotaka kupigana na mji, mashairi yalitangulia mitumbwi. Muyaka aliwarushia watu wa Lamu maneno makali, na mshairi wao Zahidi Mngumi akamjibu kwa makali yale yale. Ukiyasoma leo utacheka, maana wote wawili walikuwa mafundi. Lakini kicheko kile kilikuwa na gharama. Yapata mwaka 1812 jeshi la Mombasa na Pate liliteremka Shela, karibu na Lamu, likashindwa vibaya; na masimulizi yasema kwamba maji yalikuwa yametoka, vyombo vikakaa mchangani, na wakimbiao hawakuwa na pa kukimbilia. Watu wa Lamu walishinda, lakini hawakulala usingizi baada ya ushindi wao. Waliogopa kwamba Mombasa itarudi, wakapeleka ujumbe kwa Seyyid Said kumwomba ulinzi. Akawapa liwali na askari. Kwa njia hiyo Mombasa, iliyotaka kujisalimisha kwa kuwatawala jirani zake, ilimfungulia adui yake mlango wa pwani nzima. Muyaka hakuliona jambo hilo, au aliliona akalinyamazia. Alijua kuwapandisha watu wake mori, lakini hakuwauliza kama Lamu nao walikuwa na haki ya kuridhia au kukataa utawala. Kiishio chake cha wingi kiliishia kwenye ufuko wa Mvita.

Pili, hata hapo kisiwani hakikuwaenea wote. Wale anaowahimiza ni waungwana. Walikuwapo Mombasa na katika mashamba ya ng'ambo watumwa waliolima mtama waliokula waungwana hao, na hakuna aliyewatungia shairi la kuwaomba ridhaa. Ni lazima tuliseme jambo hili waziwazi, kwa sababu kijana asomaye mashairi ya zamani huvutwa na uzuri wa lugha akasahau kuhesabu waliokosekana barazani. Ridhaa ya Mombasa ilikuwa ya kweli, na ilikuwa finyu.

Nimekwisha kumtoa makosa mshairi. Sasa nikuonyeshe mwandishi wa pili, ambaye ni wa nyumba ile ile iliyosifiwa. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, na humo aliwakemea Waislamu wenzake wa pwani kwa uvivu wa elimu na kwa mafarakano bila ya kuwaonea haya. Kadhalika aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wake, akafariki kabla ya kuimaliza. Ilitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Mtu asimuliaye habari za babu zake husomwa kwa macho mawili, moja la shukrani na moja la tahadhari. Lakini hata msomaji mwenye tahadhari atakiri kwamba kisa kikubwa cha ukoo huo kina uzito kwa kila dola.

Katikati ya karne ya 18 ukoo wa Yaarubi ulianguka huko Omani, na Ahmad bin Said wa Busaidi, aliyekuwa liwali wa Sohar, akatwaa enzi. Liwali wa Mombasa alikuwa Muhammad bin Athman Mazrui. Alitakiwa atii, akakataa, na hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: Ahmad alikuwa liwali kama yeye, na kama liwali mmoja aweza kuichukua Omani, basi liwali mwingine aweza kuishika Mombasa. Jawabu la Ahmad lilikuja mwaka 1746. Watu wake waliingia Ngomeni kwa urafiki wa uongo wakamwua Muhammad. Muda si mrefu ndugu yake, Ali bin Athman, aliitwaa tena Ngome kwa msaada wa wenyeji.

Itazame vizuri hoja ya Muhammad. Ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kama enzi ni ya yule aliyeinyakua, basi Busaidi hana haki zaidi ya Mazrui, lakini Mazrui naye hana haki zaidi ya jambazi atakayekuja kesho. Na Ahmad hakukubali kukaa hapo. Katika madhehebu ya Ibadhi Imamu huchaguliwa na wanavyuoni na wakubwa, kisha hupewa baia, yaani ahadi ya utii. Naye Ahmad alijipatia baia hiyo akawa Imamu kwa haki. Mjukuu wake Seyyid Said hakupata kuchaguliwa Imamu. Alitawala kwa jina la Seyyid tu, yaani Bwana. Wazungu waliendelea kumwita Imamu kwa mazoea, lakini hilo lilikuwa kosa lao. Hivi ndivyo katika vizazi viwili tu baia ilivyotoka katika enzi ya Busaidi, na merikebu na forodha zikachukua nafasi yake. Na Muhammad bin Athman, je, yeye alikuwa na nini? Alikuwa na kile ambacho ndugu yake alikitumia kuirudisha Ngome: watu wa mji walimtaka. Hoja iliyokosekana katika maneno yake ilijazwa na vitendo vyao.

Kitu hicho ndicho kilichokosekana mwaka 1837. Seyyid Said alikuwa amejaribu kwa nguvu. Mwaka 1828 aliingiza askari wake Ngomeni kwa mkataba, na kabla ya mwaka kwisha wenyeji waliwafungia humo mpaka wakasalimu amri. Alirudi tena, mara ya mwisho mwaka 1833, akashindwa. Hizo ndizo siku za fahari ya Muyaka. Kisha Liwali Salim bin Ahmad akafariki mwaka 1835, na watu wa nyumba yake wakagombea kiti. Mwanachuoni Ibn Khaldun, katika karne ya 14, aliandika kwamba dola husimama kwa asabiya, yaani mshikamano wa watu wake, na kwamba mshikamano huo hulegea wajukuu wanapozaliwa ndani ya starehe. Sijui mfano ulio karibu nasi zaidi ya huu. Mazrui walipofarakana, wazee wa taifa nao waligawanyika, na baadhi yao, Wakilindini miongoni mwao, walimwendea Seyyid Said wenyewe. Hakuhitaji kupiga mzinga. Aliingia kwa mapatano, na muda mfupi baadaye wakubwa wa Mazrui wakakamatwa kwa hila wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi. Wengi wao hawakurudi.

Sasa Ngome ikawa na askari wa mshahara, na ulinzi ukawa wa daima. Je, ukawa salama? Waliookoka katika ukoo walikimbilia Gazi na Takaungu, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliwasumbua masultani na Waingereza mpaka mwaka 1896. Hilo lilikuwa la nje. La ndani lilikuwa baya zaidi. Akida wa askari wa Ngome, Muhammad bin Abdalla, alikosana na Seyyid Barghash akajifungia na kuuasi utawala uliomwajiri. Na mwezi wa Januari 1875 manowari za Waingereza ndizo zilizoipiga Ngome mizinga mpaka akatoka. Fikiri, msomaji. Sultani alinunua walinzi ili asiwaombe watu wa mji. Kisha ikambidi kuwaomba wageni wamwokoe na walinzi wake. Tangu siku hiyo kila mtu aliyekuwa na macho alijua ni nani mwenye Mombasa. Mkataba wa tarehe 14 Desemba 1895 uliliandika tu jambo lililokwisha kuwa: Uingereza ikashika mwambao, Sultani wa Unguja akapewa pauni 11,000 kila mwaka mbali na faida ya deni, na bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea juu ya Ngome. Chini ya bendera hiyo Ngome yenyewe ikawa jela mpaka mwaka 1958. (Neno gereza latoka katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Lugha nayo hupata misiba yake.)

Bendera ilikuwa haki ya kutawala isiyo na utawala, na serikali ya kikoloni ilikuwa utawala usio na ridhaa. Mambo hayo mawili yaliishi pamoja kwa miaka 68. Uhuru ulipokaribia, Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kuuliza maoni juu ya mwambao, na hapo lile swali la Muyaka lilirudi kwa sura mpya: ni nani hasa wanaoitwa watu wa mahali hapa? Waliotaka mwambao ujitawale walitaja mikataba na ukale; waliopinga, Wamijikenda wengi wakiwa pamoja nao, walitaja wingi wao na ardhi walioilima. Mwezi wa Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Unguja, walipatana kwamba pwani iwe ya Kenya na kwamba Makadhi na dini ya Waislamu vihifadhiwe. Tarehe 12 Desemba bendera nyekundu haikuwa na kazi tena Mombasa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, Sultani Jamshid bin Abdulla alipinduliwa Unguja kwenyewe. Mabunduki ya polisi, yaliyowekwa ili yamlinde, ndiyo yaliyotwaliwa na waliompindua. Alikaa Uingereza mpaka mwaka 2020, akaruhusiwa kuhamia Omani, na huko alifariki Desemba 2024.

Ukiyajua haya ya kisiwani petu, habari za nchi za Kiarabu za leo hazitakutisha kwa wingi wa majina. Nyingi kati ya hizo mafuta yamekuwa forodha yao. Serikali ipatayo fedha kutoka ardhini haina haja ya kuwaomba raia kodi, na isiyoomba kodi haizoei kuomba ridhaa. Hununua askari, tena hununua askari wengine wa kuwalinda wale wa kwanza. Syria, ambayo mafuta yake ni machache, ilitawaliwa na nyumba ya Assad tangu mwaka 1970 kwa wapelelezi na magereza. Na Desemba 2024, katika muda usiotimia wiki mbili, askari walivua sare zao na rais akapanda ndege. Tunisia mwaka 2011 jeshi lilikataa tu kumtetea mwenye nchi, na hilo likatosha. Lakini tusihukumu kwa haraka, kwa kuwa Omani yenyewe yatupa mfano ulio tofauti. Sultani Qaboos alimwondoa baba yake tarehe 23 Julai 1970, naye alikuta vita Dhofar. Aliwapiga waasi kwa msaada wa Waingereza na Wairani. Pamoja na hayo aliwasamehe waliojisalimisha, akajenga shule na hospitali, na akawakaribisha Waomani waliokuwa ng'ambo, hata wale waliotoka Unguja, ambao wajukuu wao bado wasema Kiswahili Maskati. Hakuwapa watu wake kura ya kumwondoa. Aliwapa sababu ya kutotaka kumwondoa, na ingawa hicho si kitu kile kile, ni zaidi ya ukuta. Wewe waweza kuniuliza kama sababu hiyo itadumu siku mafuta yatakapopungua. Ni swali la haki, na Thenashara Taifa wangaliliuliza.

Nirudi kwa Muyaka, maana nilikuahidi uhakiki wa mashairi. Uzuri wa mashairi yake ya vita, kwa maoni yangu, hauko katika ukali wa matusi, ambao Zahidi Mngumi aliuweza sawa naye. Wala hauko katika mizani na vina, ambavyo ni vyepesi mkononi mwake kama kasia kwa mvuvi. Uko katika hofu iliyojificha chini ya majigambo. Msome polepole utaisikia. Anajigamba kwa sauti kubwa kwa sababu hana hakika kwamba watatoka. Mshairi wa sultani mwenye askari wa ujira hawezi kuwa na hofu hiyo, ndiyo sababu sifa zake huwa nzuri na hazina joto. Kitu kinachotetemeka katika shairi la Muyaka ni ule uwezekano wa watu kusema la. Na mwaka 1837, miaka 3 hivi kabla hajafa, baadhi yao walisema.

Tena fikiri jinsi mashairi hayo yalivyotufikia. Mwalimu Sikujua alipokuwa akiyataja na kuyaandikisha, wana wa Seyyid Said ndio waliokuwa wakikalia kiti cha Unguja mmoja baada ya mwingine, na askari wao walikuwa Ngomeni, umbali wa mwendo mfupi tu kutoka mitaa ya Mji wa Kale. Mzee yule alikuwa akikumbuka, neno kwa neno, mashairi yaliyowaita watu wa Mombasa wampige baba yao. Nusu karne ilikuwa imepita tangu kushindwa, nyumba iliyosifiwa ilikuwa imetawanyika Gazi na Takaungu, na hapana aliyekuwa akimlipa mtu yeyote ujira wa kuyahifadhi.